Fosforasi Inayotoka Kwenye Tope la Ziwa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya ni ya wavuvi, wafugaji wa samaki wa vizimba, walimu wa sayansi na wakazi wa kando ya Ziwa Victoria. Majibu yanalitazama ziwa hilo kwanza, hasa Ghuba ya Winam upande wa Kenya. Mifano ya mbali imeletwa pale tu ambapo wenzetu wameshapitia tunayoyapitia sisi.

Mvua haijanyesha kwa wiki kadhaa na mito imepungua. Mbona maji yamezidi kuwa ya kijani?

Kwa sababu si lazima chakula cha mwani kiletwe na mto wiki hii. Kinaweza kuwa kimo humo humo ziwani, kwenye tope la chini, kilikolala kwa miaka. Hali ikibadilika pale chini, tope huachia fosforasi, nayo hupanda na kulisha mwani. Wataalamu huita jambo hili mzigo wa ndani, ili kuutofautisha na mzigo wa nje unaoletwa na mito, majitaka, vumbi na mvua.

Ni jambo zito kwa yeyote anayepanga kusafisha ziwa. Unaweza kuziba bomba la majitaka leo, na mwakani maji yakawa ya kijani vilevile. Watu wakiona hivyo husema pesa zimeliwa. Mara nyingine kweli zimeliwa, lakini mara nyingine kazi ilifanyika vizuri na ni tope tu linaendelea kutoa lilichopewa zamani.

Fosforasi si mbolea? Ubaya wake uko wapi?

Ni mbolea, na ubaya wake ni huo huo. Kila kiumbe kinaihitaji, na katika maziwa mengi ndiyo kirutubisho kinachopatikana kwa uchache zaidi. Ikiongezeka, mwani huongezeka.

Jaribio lililomaliza ubishi lilifanyika Kanada mwaka 1973, kwenye ziwa dogo la Ontario linalojulikana kwa namba tu: 226. David Schindler na wenzake waliligawa mara mbili kwa pazia la plastiki. Upande mmoja walitia kaboni na nitrojeni. Upande wa pili walitia kaboni, nitrojeni na fosforasi. Upande uliopata fosforasi uligeuka kijani, na ule mwingine ukabaki safi. Picha iliyopigwa kutoka angani, maji meusi huku na ya kijani kule, iliwashawishi wabunge na watunga sheria upesi kuliko majedwali ya takwimu.

Haihitajiki nyingi. Ziwa huanza kuhesabiwa kuwa limerutubika kupita kiasi pale jumla ya fosforasi inapozidi takriban mikrogramu 35 kwa lita moja ya maji. Binadamu mmoja hutoa gramu 1 hadi 2 za fosforasi kwa siku, nyingi zikiwa kwenye mkojo. Mji wa watu 500,000 basi hutoa kilo 500 hadi 1,000 kila siku, bado hujahesabu mbolea za mashambani, sabuni wala mifugo. Tena mabwawa mengi ya kusafisha majitaka katika eneo letu yalijengwa kupunguza vijidudu na uchafu unaooza. Hayakujengwa kuondoa fosforasi, hivyo sehemu kubwa hupita.

Iliingiaje kwenye tope?

Kwa njia tatu hivi. Iliyonata kwenye udongo huja na mmomonyoko: mto Nyando ukifurika wakati wa masika, ile rangi ya kahawia unayoiona ni udongo wa mashamba na malisho yaliyo juu, na fosforasi imeshikamana nao. Nyingine huliwa na mwani, mwani ukafa na kuzama. Nyingine hukamatwa moja kwa moja na madini ya chuma na kuanguka nayo chini. Kwa Ziwa Victoria, ambalo lina eneo la karibu kilomita za mraba 68,800, kiasi kikubwa huja hata kwa hewa, kupitia vumbi na moshi wa kuchoma misitu na mabua, kisha hushushwa na mvua.

Ikishaingia haina njia rahisi ya kutoka. Nitrojeni inaweza kugeuzwa gesi na bakteria ikarudi hewani. Fosforasi haina njia hiyo. Na Victoria lina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Nile pale Jinja. Maji yake mengi huondoka kwa mvuke, na mvuke haubebi fosforasi.

Sasa inatokaje tena?

Hapa tuende polepole, maana ndipo ulipo moyo wa jambo lenyewe.

Ukizamisha bomba la plastiki angavu kwenye tope la ziwa wakati maji ya chini yana hewa, kisha ukalitoa kwa uangalifu, utaona tabaka mbili. Juu kabisa kuna ngozi nyembamba ya rangi ya kutu, mara nyingi unene wa milimita chache tu. Chini yake tope ni jeusi au la kijivu, na ukilivunja linaweza kutoa harufu ya yai viza. Ile ngozi ya juu ni kutu kweli: ni chuma kilichoungana na oksijeni. Kutu ina tabia ya kushika kwa nguvu fosfati, umbo ambalo fosforasi huwa nalo majini. Kadiri ngozi hiyo inavyokuwepo, fosfati inayopanda kutoka kwenye tope jeusi hunaswa pale pale na haifiki kwenye maji.

Oksijeni ikiisha chini, bakteria wa kwenye tope hawaachi kula. Hutafuta kitu kingine cha kupumulia, na kutu ni mojawapo. Chuma hubadilika kutoka hali ya kutu na kuwa chuma kinachoyeyuka, na kikiyeyuka kinaiachia fosfati yote kiliyokuwa kimeishika. Ngozi ya kahawia inatoweka, tope lote linakuwa jeusi hadi juu, na fosforasi inamwagika kwenye maji ya chini. Wilhelm Einsele alilieleza jambo hili Ujerumani mwaka 1936. Clifford Mortimer akalichunguza kwa kina katika ziwa Esthwaite Water, Uingereza, na kuchapisha kazi yake mwaka 1941 na 1942. Tangu hapo mengi yameongezwa, lakini msingi huo haujabomoka.

Yaliyoongezwa ni muhimu kwa maziwa yetu. Kwanza, kuoza kwenyewe huachia fosforasi, hata pale penye hewa, na kwenye maji ya joto mambo huoza haraka. Pili, penye salfati nyingi hutengenezwa salfaidi inayokinyakua chuma na kukifungia, na chuma kikishafungwa hakirudi tena kuwa kutu ya kushika fosfati. Tatu, mwani wenyewe unaweza kuifungua fosforasi. Jua likiwa kali, mwani hunyonya kaboni dioksidi hadi maji yanapoteza asidi yake, pH ikapanda juu ya 9. Kwenye hali hiyo kutu hulegeza mkono hata kama oksijeni imejaa. Yaani mwani ukishakuwa mwingi unajifungulia ghala mwenyewe.

Ziwa lina upepo na mawimbi. Oksijeni itaishaje?

Wengi hudhani kuwa mawimbi ya juu yanafika chini. Kwa miezi mingi ya mwaka hayafiki.

Jua hupasha maji ya juu, nayo yakawa mepesi kuliko ya chini. Kwenye nchi za baridi tofauti hiyo inaweza kufika nyuzi 15. Kwetu nyuzi moja au mbili zinatosha, kwa kuwa maji yaliyo karibu na nyuzi 25 hubadilika uzito upesi kwa kila nyuzi inayoongezeka. Ziwa Victoria hujigawa matabaka kuanzia Septemba au Oktoba hadi Aprili au Mei. Kusi inapovuma na kupoza maji, kati ya Juni na Agosti, ziwa huchanganyika hadi chini.

Katika miezi ya matabaka, maji ya chini yamefungiwa. Hayagusi hewa, wala mwanga haufiki ili mimea izalishe oksijeni huko. Mwani unaokufa juu unaendelea kuanguka na kuoza. Na maji ya joto hubeba oksijeni pungufu tangu mwanzo. Jack Talling alipolipima ziwa mwaka 1960 na 1961, ukosefu wa oksijeni chini ulikuwa wa muda mfupi na mahali pachache. Robert Hecky na wenzake walipopima mwanzoni mwa miaka ya 1990 walikuta hadi karibu nusu ya sakafu ya ziwa ikikosa oksijeni kwa sehemu ya mwaka. Mwani ulikuwa umeongezeka mara kadhaa, na dayatomu, mwani wenye maganda ya silika, walikuwa wamewapisha sianobakteria, yaani bakteria wanaoishi kwa mwanga kama mwani.

Soma tena takwimu hiyo ukikumbuka ile ngozi ya kutu. Nusu ya sakafu ya ziwa kubwa kuliko yote Afrika, ikipoteza kifuniko chake kwa wakati mmoja.

Ghuba ya Winam ni ya kina kifupi na upepo unaikoroga. Kwa nini ndiko maji mabaya zaidi?

Kina cha wastani cha ghuba ni takriban mita 6. Hapo matabaka hudumu kwa saa au siku, hayafiki miezi. Lakini kina kifupi kina matatizo yake.

Upepo wa alasiri hulivuruga tope lenyewe. Chembe zinapanda, na maji yaliyokuwa katikati ya chembe, yenye fosfati nyingi, yanachanganyika na maji ya juu. Upepo ukitulia usiku, oksijeni juu ya tope huliwa haraka na kutu huyeyuka kidogo. Kesho alasiri upepo unarudi kukichukua kilichoachiwa. Mzunguko huo unajirudia mwaka mzima, na hapana umbali kati ya tope na mwanga: fosforasi ikitoka tu imeshamfikia mlaji.

Ongeza kwamba ghuba inapumua kwa shida. Inaungana na ziwa kuu kupitia mkondo wa Rusinga. Njia ya pili, upande wa Mbita, ilizibwa miaka ya 1980 kwa barabara ya tuta, ikafunguliwa tena kwa daraja mwaka 2017. Mito Nyando na Sondu-Miriu inaingia ndani ya ghuba, na jiji la Kisumu limekaa kwenye kona ya ndani kabisa, mahali maji yanakochelewa zaidi kubadilishwa. Sioni mahali pengine kwenye ziwa hili ambako tope limepewa mzigo mkubwa hivyo likaachwa na njia nyembamba hivyo ya kuutua.

Kwa nini huwa ni sianobakteria, si mwani wa kawaida?

Fosforasi ikija peke yake kutoka kwenye tope, nitrojeni ndiyo inayokuwa haba. Mwani wa kawaida unakwama. Baadhi ya sianobakteria, kama Dolichospermum, huchukua nitrojeni ya hewani na kuendelea. Microcystis hana uwezo huo lakini ana vifuko vya gesi vinavyomwezesha kushuka na kupanda, kuchukua fosforasi karibu na tope na kurudi juu kwenye jua. Wengine hujilaza kwenye tope lenyewe hadi hali iwe nzuri.

Tukiyachemsha maji hayo, tunaweza kunywa?

Hapana. Kuchemsha kunaua vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo, lakini hakuondoi microcystin, sumu inayotengenezwa na baadhi ya sianobakteria. Kunaweza hata kupasua seli na kuiachia sumu kwenye maji. Sumu hiyo hushambulia ini. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa kila siku ni mikrogramu 1 kwa lita.

Ukiona utando wa kijani, usichote hapo, usioge hapo, na usiruhusu ng'ombe wala mbwa wanywe. Kutia shabu na kuchuja kwenye mtambo unaoendeshwa vizuri kunaweza kuondoa seli zikiwa nzima, lakini sumu iliyokwisha kuyeyuka huhitaji hatua zaidi, kama kaboni iliyoamilishwa. Kwa mtu wa nyumbani, jibu salama ni chanzo kingine: kisima kirefu kilichopimwa, au maji ya mvua. Najua si kila mtu anacho. Ndiyo maana tope la ghuba ni suala la afya, na wizara za afya zingefaa kuketi mezani pamoja na za maji na uvuvi.

Sato wa vizimbani hufa kwa wingi asubuhi moja. Inahusiana?

Mara nyingi ndiyo, ingawa si kila mara. Maji ya chini yaliyokosa oksijeni yakisukumwa juu na upepo, samaki walio huru hukimbia. Walio kwenye kizimba hawana pa kwenda. Dalili ni samaki kupapatika juu wakivuta hewa, maji kubadilika rangi ghafla, pengine na harufu. Alfajiri ni saa mbaya zaidi, kwa kuwa mwani umetumia oksijeni usiku kucha.

Vizimba vyenyewe vinachangia. Chakula cha samaki kina fosforasi, na kisicholiwa huanguka pamoja na kinyesi moja kwa moja kwenye tope la chini. Kizimba kilichokaa miaka mahali pamoja, kwenye maji yaliyotulia, kinajitengenezea tope la kukimaliza. Kiwekwe penye kina na mkondo, kihamishwe ili eneo lipumzike, na mfugaji awe na kipimo cha oksijeni cha mkononi. Gharama yake ni ndogo kuliko kupoteza kizimba kimoja cha samaki waliokomaa.

Tukizuia majitaka na mmomonyoko leo, ziwa litapona baada ya miaka mingapi?

Inategemea kina, kasi ya maji kubadilishwa, na tope limelimbikiza kiasi gani.

Lake Washington, pale Seattle, Marekani, lilipona upesi. Majitaka yaliondolewa kati ya 1963 na 1968, na katika miaka ya 1970 maji yalikuwa yamerudi kuwa angavu. Ni ziwa refu kwenda chini, na maji ya chini hayakuwa yamepoteza oksijeni yote, hivyo tope lilishika kilichokuwa chake.

Ziwa Shagawa, jimboni Minnesota, halikuwa na bahati hiyo. Mtambo wa kuondoa fosforasi ulianza kazi mwaka 1973 na mzigo wa nje ukapungua sana, lakini kila majira ya joto tope liliendelea kutoa. Søbygaard nchini Denmark, ziwa la kina kifupi, lilipunguziwa fosforasi ya majitaka mwaka 1982, na tope lake likaendelea kutoa kwa zaidi ya miaka 10. Uchambuzi wa maziwa 35 uliochapishwa mwaka 2005 ulionyesha kuwa kwa kawaida fosforasi huchukua miaka 10 hadi 15 kutulia kwenye kiwango kipya baada ya mzigo wa nje kupunguzwa.

Mengi ya maziwa hayo ni ya nchi za baridi na ni madogo mno ukilinganisha na Victoria. Lakini mradi wa miaka mitano unaoahidi maji angavu mwishoni mwake unaahidi kisichowezekana. Ni haki wananchi waambiwe hivyo mapema, na wapewe vipimo vya kati: mzigo unaoingia umepungua kiasi gani, oksijeni ya chini imedumu mwezi mmoja zaidi au la.

Si tulichote tope tu, au tutie dawa?

Kwa ziwa dogo, inawezekana. Ziwa Trummen huko Växjö, Sweden, lina ukubwa wa kilomita ya mraba moja hivi. Mwaka 1970 na 1971 walinyonya karibu mita moja ya tope, na ziwa likapata nafuu kubwa. Kwingine hutiwa chumvi za alumini, jamaa ya ile shabu ya kusafishia maji, ambazo hushika fosfati na haziiachii hata oksijeni ikiisha. Australia walitengeneza udongo wa mfinyanzi wenye lanthanumu kwa kazi hiyo hiyo.

Kwa mabwawa ya maji ya kunywa ya miji, haya yafikiriwe kwa uzito. Kwa Ghuba ya Winam, yenye eneo la karibu kilomita za mraba 1,400, tope utalipeleka wapi? Na dawa ikitiwa huku mito bado inaleta udongo mpya, baada ya misimu michache itakuwa imefunikwa. Pesa hiyo ingefanya kazi zaidi kwenye mitambo ya majitaka ya kuondoa fosforasi, matuta ya kontua mashambani, na kuyarudisha mafunjo kwenye midomo ya mito, kwani mafunjo hunasa udongo kabla haujafika ziwani.

Magugumaji hayanyonyi hiyo fosforasi?

Hunyonya, na ukiyavuna ukayapeleka mbali na ufukwe umeiondoa kweli. Yakiachwa yakafa yakazama, yanarudisha kila kitu kwenye tope na kula oksijeni juu yake. Na zulia lake likiwa nene linazuia hewa na mwanga, hivyo tope lililo chini yake huachia fosforasi zaidi.

Je, na Tanganyika hali ni hiyo hiyo?

Hapana, na inafaa kulieleza ili tusilaani fosforasi ya chini popote tunapoiona. Tanganyika lina kina cha karibu mita 1,470, na oksijeni huisha kati ya mita 100 na 200 hivi, kwa asili yake. Kusi husukuma maji ya juu kuelekea kaskazini, na upande wa Mpulungu, kusini mwa ziwa, maji ya chini yenye rutuba hupanda. Dagaa na migebuka wanaishi kwa rutuba hiyo. Huko hofu ni kinyume cha yetu: maji ya juu yakizidi kupata joto, yanachanganyika kwa shida na ya chini, na chakula hakipandi.

Sisi wa ufukweni tunaweza kupima nini?

Zaidi ya mnavyodhani. Sahani ya duara ya sentimita 20, yenye robo nyeusi na nyeupe, ikifungwa kwenye kamba yenye mafundo na kushushwa majini, inapima uangavu: andika kina inapopotea machoni. Fanyeni mahali pale pale, saa ile ile, kila mwezi. Kikundi cha ufuo kikiweza kununua kipimo cha oksijeni, pimeni juu na nusu mita kutoka kwenye tope.

Sampuli za fosforasi zinahitaji maabara. TAFIRI Mwanza, KMFRI Kisumu na NaFIRRI Jinja ndizo taasisi za utafiti wa uvuvi za kuziendea. Ombeni chupa mbili kwa kila kituo, moja ya juu na moja ya chini. Fosforasi ya chini ikipanda huku oksijeni ya chini ikishuka, na mito haijafurika, mmelikuta tope likitoa. Andikeni tarehe, upepo ulivumaje siku iliyotangulia, na kama utando ulionekana. Daftari la namna hiyo lililojazwa mfululizo ni adimu kwenye ghuba zetu, na mtafiti yeyote atalipokea kwa mikono miwili.